Kuzitambua yuforbia za vichaka vya Mediterania bila kudanganywa na rangi

Mwezi wa Machi, katika barabara za milimani za Sardinia, Krete au Provence, kuna rangi moja inayojitokeza kila kona: kijani kilichochanganyika na manjano, kikali kiasi cha kuonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Sehemu kubwa ya rangi hiyo hutoka kwa mimea ya jenasi moja, Euphorbia, ambayo hapa nitaiita yuforbia. Msomaji wa Afrika Mashariki ana ndugu zake nyumbani. Mnyaa unaozungushiwa maboma na mashamba, wenye vijiti vya kijani vinavyoonekana kama havina majani, ni Euphorbia tirucalli. Miti minene yenye matawi mengi yaliyoelekea juu, iliyofanya msitu kando ya Ziwa Nakuru, ni Euphorbia candelabrum. Na gugu lile dogo la uani lenye utomvu mweupe, ambalo wengi hulijua kwa jina la mziwaziwa, ni Euphorbia hirta.

Jenasi hii ina spishi zipatazo 2,000 duniani, na Ulaya peke yake ina takribani mia moja, nyingi zikiwa upande wa kusini. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Yuforbia za Mediterania hazifanani na mnyaa hata kidogo, lakini zenyewe kwa zenyewe zinafanana mno. Mtu huona kichwa cha kijani-manjano, majani membamba ya kijivu na utomvu mweupe. Hupiga picha, programu ya simu humpa jina, naye huandika jina hilo kwenye orodha yake. Mara nyingi jina hilo si sahihi, na kwa maoni yangu kosa si la programu bali la picha. Picha ya kichwa cha manjano haina taarifa inayotenganisha spishi moja na nyingine. Taarifa hiyo imo kwenye umbo la mmea mzima, kwenye tezi za ukingoni mwa kikombe cha maua, kwenye tunda na kwenye mbegu. Rangi huja mwisho, na mara nyingine haifai kuja kabisa.

Kwanza uhakikishe ni yuforbia

Ukivunja jani la yuforbia, utomvu mweupe hutoka papo hapo. Mmea usiotoa utomvu huo si yuforbia. Kinyume chake si kweli, maana mtini mwitu, unaoota kwenye nyufa za miamba ileile, nao una utomvu mweupe, na vivyo hivyo jamaa nyingi za saladi zinazojiotea kando ya njia. Kwa hiyo utomvu unaondoa washukiwa wengi lakini haumalizi kazi.

Wapo pia wanaojifanya. Smyrnium perfoliatum, mmea wa familia ya karoti na giligilani, una majani ya juu ya mviringo yanayozunguka shina, yote ya kijani-manjano, na kwa mbali hata mzoefu husita. Ukiuvunja, hutoka maji tu. Bupleurum fruticosum, kichaka cha familia hiyohiyo, nacho kina miavuli ya manjano na majani magumu ya kijivu. Katika Ugiriki, mwigizaji mkubwa zaidi ni Sarcopoterium spinosum, kichaka cha miiba cha familia ya waridi. Huota kwa umbo la nusu tufe, miiba yake imegawanyika panda kama ya yuforbia fulani tutakayoifikia, na viwili hivi husimama bega kwa bega kwenye mteremko mmoja. Tofauti iko kwenye majani: ya Sarcopoterium yamegawanyika vijani vingi vidogo pande mbili za kikonyo, ilhali ya yuforbia hayagawanyiki kamwe.

Utomvu huo usiuchezee. Waliolelewa karibu na mnyaa wameonywa tangu utotoni kuhusu macho, na onyo hilo linafaa neno kwa neno huku pia. Utomvu wa yuforbia za Mediterania una kemikali za kundi la diterpini zinazochoma ngozi, na ukiingia jichoni huumiza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kuweza kumwacha mtu haoni vizuri kwa siku kadhaa. Tabibu Mgiriki Dioscorides, aliyeandika katika karne ya kwanza, aliwaagiza wanaokinga utomvu huo wajipake mafuta usoni na shingoni, wasisimame kuukabili upepo, na wasiguse macho. Leo tungeongeza glavu, sabuni na maji mengi. Jicho likiguswa, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, kisha mtu aende kwa daktari hata kama maumivu yamepungua.

Nataja hili kwa urefu kwa sababu wapo bado wanaopaka utomvu wa yuforbia kwenye chunjua na madoa ya ngozi, wakiamini kuwa sayansi imewaunga mkono. Ni kweli kwamba kutoka kwa gugu dogo la bustanini, Euphorbia peplus, ilipatikana dawa iitwayo ingenoli mebutati, ikaidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2012 kwa ajili ya madoa ya ngozi yanayotokana na jua. Mwaka 2020 iliondolewa kwenye soko la Ulaya kwa sababu ya wasiwasi kwamba huenda inaongeza hatari ya saratani ya ngozi. Hiyo ilikuwa dawa iliyosafishwa na kupimwa kipimo chake. Utomvu unaochuruzika kutoka kwenye shina haujapimwa na yeyote.

Kikombe

Kinachoitwa ua la yuforbia si ua. Ni mkusanyiko wa maua mengi yaliyopunguzwa mpaka yakabaki kiungo kimoja kimoja, yakatiwa ndani ya kikombe cha kijani chenye upana wa milimita chache tu. Bila kukielewa kikombe hiki, maelezo yote ya kitabuni yatakuwa giza, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chukua tawi linalochanua la Euphorbia characias, iliyo kubwa kiasi cha kumrahisishia kazi anayeanza. Weka lenzi ya kukuza mara kumi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza tawi taratibu hadi lionekane vizuri. Ukingoni mwa kikombe kuna vipande vinne vinene vinavyong'aa kwa unyevu. Hizo ni tezi, na unyevu huo ni nekta. Nzi, mende, nyuki na sisimizi huifuata. Katikati vinachomoza vijiti vyembamba vyenye chavua kileleni. Kila kijiti ni ua dume zima. Ukikikagua utaona alama ya kiungo katika urefu wake, mfano wa fundo dogo: chini ya hapo ni kikonyo cha ua, juu yake ni stameni. Hakuna petali, hakuna sepali. Na pembeni, likiwa limening'inia nje kwa kikonyo chake, kuna tufe la kijani lenye vyumba vitatu na stigma tatu kileleni, kila stigma ikiwa imepasuka ncha mbili. Hilo ni ua jike, moja tu kwa kila kikombe. Linnaeus mwenyewe, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya mimea, alihesabu mkusanyiko wote huu kuwa ua moja, na katika mpangilio wake wa 1753 akaiweka Euphorbia kwenye kundi la mimea yenye stameni kumi na mbili au zaidi kidogo.

Ua jike hukomaa kabla ya yale madume. Ndiyo maana vikombe vya mmea mmoja, siku moja, vinaweza kuonekana kana kwamba ni vya spishi tofauti: kimoja kina stigma tu, kingine kina chavua, cha tatu tayari kina tunda linaloning'inia. Kagua vikombe kadhaa kabla ya kuamua lolote.

Sasa rudi kwenye tezi, kwa maana hapo ndipo yuforbia za eneo hili zinapogawanyika makundi mawili makubwa. Kuna zenye tezi za mviringo au za yai, zisizo na pembe. Na kuna zenye tezi za umbo la mwezi mwandamo, zenye pembe mbili zinazoelekea nje. Ukishajua mmea wako uko upande gani, umeondoa karibu nusu ya majina. Mtego mmoja: kikombe cha katikati kabisa ya mwavuli, kile kinachofunguka kwanza, mara nyingi kina tezi tano badala ya nne na hakina ua jike. Anayeanzia hapo, na wengi huanzia hapo kwa kuwa ndicho kinachoonekana vizuri, huandika hesabu isiyo ya kawaida ya mmea huo.

Na ile manjano? Ni majani. Kileleni mwa shina huchipuka vijiti kadhaa kutoka sehemu moja kama mwavuli, chini yake pakiwa na duara la majani. Kila kijiti hugawanyika panda, mara nyingi zaidi ya mara moja, na kwenye kila panda hukaa jozi ya majani mafupi yanayokizingira kikombe. Jozi hizo ndizo zinazogeuka manjano. Umbo lake, na kama zimeungana au zimeachana, ni ushahidi mzito kuliko rangi yake.

Mahali uliposimama

Vichaka vya Mediterania si vya aina moja. Maki ni vichaka virefu na vizito, vya kimo cha mtu na zaidi, vya mizeituni mwitu, mialoni ya kijani kibichi na mlentisko, kichaka cha jamii ya pistachio. Garigi ni vya chini, vya magoti au kiuno, kwenye mawe ya chokaa, vikiwa na rosmari, zaatari na mialoni mifupi yenye majani ya miiba. Frigana ni jina la Wagiriki kwa vichaka vya chini zaidi, vya matuta ya miiba yaliyotengana, na udongo mwekundu ukionekana katikati. Mvua huja kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua. Kiangazi ni kavu kabisa. Kwa hiyo mimea hukua wakati wa baridi na kuchanua kabla ya joto, jambo ambalo mtu wa nchi za tropiki lazima alizoee kabla ya kusoma ratiba yoyote ya maua.

Mbuzi na kondoo wamekula vichaka hivi kwa maelfu ya miaka. Yuforbia hukwepwa na mifugo kwa sababu ya utomvu, basi penye malisho makali ndizo zinazobaki na kuongezeka. Mteremko uliojaa yuforbia mara nyingi unakusimulia habari za mbuzi kuliko za udongo.

Zile kubwa

Euphorbia dendroides ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo niipendayo zaidi. Ni kichaka cha mita moja hadi mbili, wakati mwingine tatu, chenye shina nene la miti na umbo la kuba lililo karibu kamili. Matawi yanagawanyika mawili mawili, na majani yamejikusanya nchani mwa matawi tu. Huota kwenye majabali yanayotazama bahari: pwani ya Ufaransa kuelekea mpaka wa Italia, Sisilia, Sardinia, Malta, Krete. Mvua za vuli zikianza huvaa majani, huchanua manjano kuanzia mwisho wa baridi, na ifikapo Mei au Juni majani hugeuka ya chungwa na mekundu, yakadondoka. Kiangazi chote husimama uchi. Ni mantiki ileile ya mbuyu unaopukutisha majani wakati wa ukame, ila hapa ukame ni wa Julai. Anayefika Agosti huona vijiti vya kahawia na kudhani mmea umekufa.

Euphorbia characias hulinganishwa nayo mara kwa mara, wala haipaswi. Mashina yake hayagawanyiki. Yanatoka mengi pamoja kutoka kwenye kitako kimoja, yamesimama wima, yakafika mita moja na kitu. Shina huvaa majani mwaka wa kwanza, huchanua mwaka wa pili, halafu hufa, na mengine huchukua nafasi yake. Majani ni marefu, membamba, ya kijani kilichoingia buluu na kijivu, na yana vinyweleo laini. Dalili ya kuamua ni ile jozi ya majani chini ya kikombe: imeungana chini, ikawa sahani moja ambayo shina limeipenya. Katika dendroides majani hayo yameachana. Tunda la characias limefunikwa na manyoya mazito. La dendroides ni laini.

Ndani ya characias yenyewe kuna mgawanyiko ambao watu wa bustani wanaujua kuliko hata watembeaji. Upande wa magharibi wa Mediterania, kuanzia Ureno, tezi ni za rangi ya kahawia nyekundu iliyokolea, karibu nyeusi, zenye pembe fupi, na kichwa kizima cha maua huonekana kama kina macho meusi. Upande wa mashariki, katika Balkani na Uturuki, tezi ni za manjano zenye pembe ndefu zaidi. Hiyo huitwa wulfenii. Basi mtu aliyejifunza characias kwa "macho meusi" huko Hispania akifika Ugiriki hataitambua. Kwenye misitu yenye unyevu kuna jamaa yake, Euphorbia amygdaloides, ambayo nayo ina majani yaliyoungana. Hiyo ni fupi, majani yake si ya kijivu, na tunda lake halina manyoya.

Matuta ya miiba

Katika frigana ya Krete na visiwa vya Aegea utakutana na matuta ya kijani ya kimo cha sentimita thelathini hivi, ya mviringo, yaliyobana. Ukiyagusa, yanachoma. Hiyo ni Euphorbia acanthothamnos. Miiba yake si miiba ya kuzaliwa nayo: ni vijiti vya mwavuli wa mwaka uliopita, vilivyokauka na kubaki mahali pake, vikiwa bado vimegawanyika panda. Majani mapya na vikombe vya manjano huchipuka chini ya kinga hiyo.

Magharibi zaidi, kutoka kusini mwa Ufaransa kupitia Italia hadi Balkani, nafasi hiyo inashikwa na Euphorbia spinosa. Nayo hubaki na vijiti vikavu vya mwaka jana, lakini vya kwake ni vya moja kwa moja, havina panda. Tofauti ni hiyo, na ukiitazama kwa sekunde kumi unaiona bila lenzi. Zote mbili zina tezi zisizo na pembe na tunda lenye vinundu. Malta ina ya kwake, Euphorbia melitensis, isiyoota mahali pengine popote duniani, na kwenye garigi ya visiwa hivyo si mmea wa kutafuta kwa tochi. Ipo wazi kwenye miamba ya chokaa.

Zile za buluu

Hapa wengi hukwama. Yuforbia kadhaa zina majani manene kiasi, yenye unga wa nta unaozifanya zionekane za buluu, na picha zake mtandaoni zimechanganywa ovyo.

Euphorbia myrsinites hulala. Mashina yake hutambaa juu ya mawe, yakiinua ncha tu, na majani yake mapana yenye ncha kali yamejipanga kwa mzunguko kuzunguka shina, yakibanana. Huipenda milima. Euphorbia rigida husimama, au angalau huinuka, na majani yake ni membamba kama mikuki midogo. Ukiwa na shaka, tazama upana wa jani: la myrsinites ni pana zaidi kuelekea nchani, la rigida hupungua taratibu hadi ncha. Pembe za tezi za myrsinites zimevimba mwishoni, jambo zuri la kuona kwa lenzi.

Euphorbia nicaeensis, iliyopewa jina la mji wa Nice, ni ya garigi na mbuga kavu. Mashina yake yana wekundu, majani ni ya buluu-kijani yenye umbo refu na ncha butu, na mwavuli wake una vijiti vingi, mara nyingine zaidi ya kumi. Euphorbia serrata ya magharibi ni rahisi kuliko zote katika kundi hili, kwa kuwa majani yake yana meno makali ya msumeno ukingoni. Ukiona buluu na meno, umefika.

Mchangani na kando ya njia

Kwenye matuta ya mchanga, Euphorbia paralias husimama na majani mazito, mafupi, yaliyopandana kama vigae, yakibana shina. Jamaa yake Euphorbia pithyusa huishi karibu na bahari pia, upande wa magharibi, ila majani yake ni membamba yenye ncha inayochoma, na yale ya chini yamegeukia ardhini. Mbegu za paralias ni laini. Za pithyusa zina makunyanzi. Mbegu za paralias huelea baharini, na kwa njia hiyo au nyingine mmea huu umefika Australia ya kusini na kuwa kero kwenye fukwe zake. Chini kabisa, ikiwa imejitandaza mchangani, unaweza kupata Euphorbia peplis yenye mashina mekundu. Majani yake hukabiliana mawili mawili na kitako chake hakilingani pande mbili. Anayeujua mziwaziwa wa kwetu atautambua undugu huo mara moja, kwa sababu hizi mbili ni za tawi moja la jenasi, tofauti na karibu zote nilizotaja juu, ambazo majani yake hupishana.

Halafu yapo magugu ya msimu mmoja, yanayoota kwenye njia za mbuzi na mashamba ya mizeituni. Mawili yanatosha kuanzia. Euphorbia helioscopia ina mwavuli wa vijiti vitano, majani yenye vijino vidogo kuelekea nchani, na tezi za mviringo zisizo na pembe. Euphorbia peplus ina vijiti vitatu, majani yasiyo na meno yenye vikonyo, na tezi zenye pembe mbili ndefu nyembamba. Tunda la peplus linastahili lenzi: kila moja ya sehemu zake tatu ina kingo mbili nyembamba zilizoinuka mgongoni, mfano wa reli. Ukiona kingo hizo huhitaji ushahidi mwingine.

Tunda, mbegu na yale yanayovuruga

Tunda la yuforbia lina vyumba vitatu, kila kimoja na mbegu moja. Likikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Siku ya joto la Juni, ukisimama kimya kati ya vichaka vya characias, utasikia mipasuko hiyo. Mbegu za nyingi zina kinundu cheupe chenye mafuta upande mmoja. Sisimizi hukifuata kinundu hicho, wakabeba mbegu nzima hadi shimoni, wakala kinundu na kuiacha mbegu. Kwa mtambuzi, ngozi ya mbegu ni saini: laini kwa paralias, ya wavuwavu kwa helioscopia, ya kijivu yenye vishimo kwa peplus. Pale ambapo mimea miwili haitofautiki kwa majani, mbegu humaliza ubishi.

Kuna vurugu moja ambayo vitabu vidogo huiacha. Kwenye vilima vya kaskazini mwa eneo hili, Provence na milima ya Apenini ya Italia, huota Euphorbia cyparissias, fupi, yenye majani membamba sana. Kuvu wa kutu wa jenasi Uromyces huishambulia na kuibadilisha umbo. Shina lililoambukizwa hurefuka, halitoi mwavuli, majani yake hufupika na kunenepa, na yale ya kileleni hugeuka manjano yakatoa umajimaji mtamu unaowavuta wadudu. Wadudu hao hubeba chembe za uzazi za kuvu kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Ukiona "yuforbia mpya" isiyo na matawi wala vikombe, yenye kilele cha manjano chenye harufu tamu, geuza jani. Madoa ya chungwa upande wa chini yatakujibu.

Msimu nao huvuruga. Kichwa cha manjano cha Machi huwa cha kahawia au chekundu Juni. Mimea michanga isiyochanua wakati mwingine haitambuliki kabisa hadi spishi, na ni vyema kuandika "Euphorbia sp." kuliko kubahatisha. Mwisho wa kiangazi, kiwavi mkubwa mweusi mwenye madoa meupe, kichwa chekundu na mstari mwekundu mgongoni ni dalili njema: huyo ni wa nondo Hyles euphorbiae, na chakula chake ni yuforbia.

Majina nayo yana historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Dioscorides aliorodhesha aina saba za mimea hii: characias, myrsinites, paralias, helioscopios, cyparissias, dendrodes na platyphyllos. Linnaeus aliyachukua yote saba, na bado ni majina rasmi ya spishi saba za Euphorbia, ijapokuwa hakuna anayeweza kuapa kwamba kila mmea wa Dioscorides ndio huo huo wetu. Jenasi yenyewe ina jina la Euphorbus, tabibu wa Mfalme Juba wa Pili wa Mauretania, ufalme wa kale wa Afrika Kaskazini. Watu wa kawaida walikuwa na matumizi yao: Sardinia, yuforbia zilipondwa na kutiwa kwenye madimbwi ya mito ili kulewesha samaki, kama utupa ulivyotumika pwani ya Afrika Mashariki. Uvuvi wa sumu leo ni kosa la jinai kote huko, na kwa haki.

Kwa anayetaka jina la uhakika, picha zinazosaidia ni hizi: mmea mzima pamoja na ardhi inayouzunguka, kitako cha shina, jani moja pande zote mbili, mwavuli kutoka pembeni ili vijiti vihesabike, na kikombe kutoka karibu kiasi cha kuonyesha tezi. Andika tarehe, aina ya mwamba na urefu kutoka usawa wa bahari. Usiing'oe, tawi moja linatosha, na kwenye hifadhi hata hilo linahitaji kibali. Tunda lililokaribia kukomaa lichumwe kwa glavu na kuwekwa kwenye bahasha ya karatasi iliyofungwa vizuri, si mfuko wa plastiki, ambao huvuta ukungu. Litapasuka lenyewe humo ndani baada ya siku chache, na mbegu utazikuta zikiwa safi, tayari kwa lenzi.